Barua Niliyoificha Mkobani

Siku niliyorudi kazini mkoba wangu ulikuwa na vitu vitatu: mkebe wa githeri, vidonge vya maumivu na barua ya daktari. Barua ilikuwa fupi. Nipewe kazi nyepesi miezi mitatu; nisisimame muda mrefu; nisikanyage mashine kwa mguu wa kulia mpaka picha nyingine ipigwe Februari. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi hadi mikunjo yake ikaanza kuachana. Nilipofika getini niliisukuma chini ya mkebe, na supavaiza aliponiuliza, "Haya mathe, daktari anasemaje?" nikamwambia, "Amesema niko sawa."

Ilikuwa Novemba 2023, wiki moja baada ya ile sikukuu ya ghafla ya kupanda miti, mvua ya El Niño ikimwagika asubuhi na jioni. Sisi tunaoshona sare za shule tunaujua mwezi huo. Januari wazazi hufurika madukani, kwa hiyo Novemba na Desemba kiwandani hakuna mgonjwa na hakuna aliyefiwa. Niliona kwamba nikiukosa msimu ule, jina langu litafutwa. Ndiyo maana nikadanganya.

Nilikuwa nimeanguka na boda mwezi Machi, Barabara ya Outering jijini Nairobi, nikiwahi kazini. Hakuna lori lililotugonga, hakuna mlevi. Kijana alikwepa shimo, gurudumu likateleza kwenye mchanga, pikipiki ikanilalia. Yeye alitoka na michubuko ya kiwiko. Mimi nilivunjika mfupa wa paja la kulia, na nilijua kabla sijaguswa na mtu, maana kiatu changu kilikuwa kimeelekea upande ambao mimi sikuelekea. Wodini nilitundikiwa mawe wiki tatu nikingoja zamu ya upasuaji, kisha nikatiwa chuma ndani ya mfupa, kutoka karibu na nyonga hadi juu ya goti. Mama alipanda basi kutoka Makueni na gunia dogo la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, akaja kukaa wiki mbili, akaondoka Agosti. Ya hospitali nayaacha hapo. Ukisikia ya mmoja umesikia ya wengi.

Ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu ni hesabu ya baada ya hospitali. Miaka sita nilifanya kazi pale nikiamini kwamba ukiugua, mwajiri hukulipa hadi upone. Kumbe Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inamtaka akulipe angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi umempa habari mapema na una cheti cha daktari. Hilo neno "angalau" lina maana kwamba penye chama cha wafanyakazi chenye meno mnaweza kupata zaidi. Sisi hatukuwa na chama. Nililipwa zile siku 14 bila vuta nikuvute kwa sababu dada yangu alipiga picha karatasi ya kulazwa, akamtumia supavaiza kwenye WhatsApp siku ileile. Siku ya 15 simu ikanyamaza.

Jirani mmoja alinijaza matumaini kwamba iko fidia ya walioumia kazini. Iko kweli, na sheria yake nayo ni ya 2007. Lakini boda niliyoikodi mwenyewe asubuhi nikielekea kazini si kazini. Lingekuwa gari la kampuni linalotubeba bure, mambo yangekuwa mengine. Nililia zaidi siku niliyoelezwa hilo kuliko siku ya ajali yenyewe. Tangu hapo nikisikia mtu ameumia ndani ya kiwanda, hata ukucha, namsukuma akaandikishe siku hiyohiyo. Ukucha wa kazini na paja la barabarani havilipwi na mfuko mmoja.

Basi nililishwa na chama chetu cha akina mama, na mchango, na duka lililo chini ya ploti lililoniandikia kwenye daftari. Deni la daftari lilifika shilingi 11,400. Mwenye duka hakuwahi kunidai kwa mdomo. Alikuwa akinisalimia tu, tena kwa upole, na salamu zake ndizo zilizonirudisha kazini kabla mguu haujawa tayari.

Safari yenyewe ilikuwa mtihani. Daktari wa mazoezi alikuwa amenikaririsha: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza. Sasa nenda ukashuke matatu ya Umoja kwa kanuni hiyo. Makanga wa Nairobi wote wamesoma shule moja na somo lao ni moja: "Kushoto, mathe! Shukia kushoto!" Kwa mwenye miguu mizima wana haki, maana gari halisimami kabisa na ukitanguliza wa kulia linakuzungusha. Kwangu mimi, kutanguliza wa kushoto kulimaanisha paja lenye chuma libaki juu, likunje na kubeba uzito wote. Pale City Stadium makanga akasema kushoto, mimi nikasema kulia, na nyuma yangu watu kumi wakasema tunachelewa. Niliushika mlango nikasema gari lisimame kwanza. Likasimama. Nilishuka kama gunia la viazi, lakini kwa utaratibu wa daktari.

Na gongo likibaki moja, hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Langu lilikuwa mkono wa kushoto. Kutoka City Stadium kuingia Barabara ya Lusaka nilisimamishwa na watu watatu asubuhi moja wakinirekebisha: "Mama, gongo umelishika upande si wake." Mmoja alitaka kunihamishia yeye mwenyewe. Wanairobi wana haraka, ila ya kumfundisha mgonjwa hawaikosi nafasi.

Kiwandani nilipokewa kwa pole nyingi na "umenona" nyingi zaidi. Kwenye mashine yangu, ya tatu kutoka dirishani, alikuwa ameketi msichana wa miaka ishirini na kitu. Alisimama kabla sijasema neno, akachukua mkasi wake na kisahani cha bobini, akapangusa kiti kwa kiganja. "Karibu, anti. Nilikuwa nakushikia." Akahamishiwa ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ambako malipo ni ya chini. Niliketi. Sikumwuliza anaonaje. Kiti kile nilikuwa nimekiota miezi minane.

Asiyeshona kiwandani hudhani cherehani ya umeme ni kazi ya mikono. Nusu ya kazi iko chini ya meza. Mguu wa kulia hukanyaga pedali na kuamua mwendo. Ukigusa, sindano inatembea, ukikandamiza, inaruka. Goti la kulia nalo husukuma kando kipande cha chuma kinachoinua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, ili mikono yote miwili ibaki huru kugeuza kola. Kila kona ya kola unainua. Mimi nilikuwa nashona kola 130 kwa siku, shilingi 8 kila moja. Yaani goti langu lilikuwa likisukuma kile chuma mara mia kadhaa kutwa, na sikuwa nimewahi kufahamu kwamba lina kazi.

Kola ya kwanza ilitoka safi. Kufikia ya kumi goti liligoma, nikaanza kuinua mguu wa cherehani kwa mkono, kwa kile kikono kilicho nyuma yake. Kila mara mkono unaacha kitambaa, kitambaa kinateleza, unaanza kukipanga upya. Pedali nikaihamishia mguu wa kushoto, ambao haujawahi kuikanyaga maishani. Jaribu kuandika jina lako kwa mkono usio wako, tena haraka. Mchana nilikuwa na kola 31.

Halafu kulikuwa na choo. Watu hawapendi kuyaandika haya lakini nitayaandika, kwa sababu yalinitesa kuliko mashine. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Paja langu lilikuwa halijakubali kukunjika kiasi hicho. Dawa niliyojitungia ni kutokunywa maji. Siku nne sikuweka tone kinywani kutoka asubuhi hadi jioni, katika chumba chenye mvuke wa pasi, na kichwa kikaniuma nikadhani ni maumivu ya mguu yanapanda. Choo cha kukalia kilikuwepo, upande wa ofisi, hatua ishirini tu, kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa karani. Haikunijia kabisa kwamba naweza kuuomba. Ulikuwa ufunguo wa watu wa ofisi.

Alhamisi mvua ilianza usiku na haikukata. Nauli ya shilingi 50 ikawa 100. Nilifika nimelowa, ncha ya gongo imejaa tope, goti limevimba hadi suruali imebana. Saa tisa alasiri supavaiza akaja na bunda kutoka meza ya mwisho, akalitua mbele yangu. Kola 64 zimerudishwa. Kona moja imechongoka, ya pili imelala kama sikio la mbuzi. Hakunigombeza. Aliziacha pale akasimama. Nilitaka kuinuka nizichukue, mguu ukakataa kunyooka. Nilibaki nusu nimeketi nusu nimesimama, nimeshika ukingo wa meza, na mashine zilizokuwa karibu zikapunguza sauti moja baada ya nyingine.

Ndipo nikatoa barua. Ilikuwa na doa la mafuta ya githeri.

Aliisoma, akaikunja kwa utaratibu ule nilioikunja. "Mathe," akasema, "ungenipa hii Jumatatu ningekuwa na kola 64. Sasa nina hasara na nina mgonjwa." Maneno hayo yaliniuma siku nyingi. Nilitaka aniambie pole. Baadaye niliona kwamba kati ya yote niliyoambiwa wiki ile, hilo peke yake lilikuwa la kazi. Mengine yote yalikuwa ya huruma.

Usiku huo jirani, mwakilishi wa wafanyakazi katika kampuni nyingine, alinituliza. Kifungu cha 41 cha ileile Sheria ya Ajira, aliniambia, kinamzuia mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwili kushindwa kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza, na mfanyakazi mwenzake akiwepo. Alinionya pia: kusikilizwa si kubakizwa, usichanganye. Nikaamua kwamba nikiitwa, nitaenda na mama wa pasi, yule anayepiga pasi kiwandani kwetu.

Niliitwa Ijumaa. Mwenye kiwanda ni mtu wa maneno machache. Aliisoma barua, akaniuliza swali moja: "Unaweza kufanya nini?"

Nikanyamaza. Miezi minane nilikuwa nimejiandaa kumthibitishia mtu kwamba naweza kila kitu. Kitandani nilikuwa nikitunga majibu: mguu umepona, nina nguvu, nijaribuni. Naweza nini, kwa mguu huu, leo? Hilo sikuwa nimelifikiria hata dakika moja. Barua ya daktari nayo ilikuwa imeandika nisiyoweza tu. Mama wa pasi akanitazama, akaona nimekwama, akasema yeye: "Huyu akiishika kola gizani atakwambia imekosewa wapi. Mpe meza ya mwisho."

Meza ya mwisho ndiko shati linakokaguliwa, nyuzi zinakatwa, nembo ya shule inashonwa kwa mkono, kisha linakunjwa. Ni kazi ya kukaa. Tulikubaliana shilingi 750 kwa siku hadi Februari. Niliomba iandikwe. Haikuwa hati ya wakili. Mistari miwili kwenye daftari la zamu, yeye akatia sahihi, mimi nikatia sahihi, nikapiga picha kwa simu. Tayari nimeshika mlango, mama wa pasi akanifinya kiunoni. Yeye alikuwa ameona kwamba sinywi maji. Nikarudi nikaomba ufunguo wa choo. Mwenye kiwanda alionekana kushangaa zaidi kwa hilo kuliko kwa barua. "Kwani umekuwa ukienda wapi?"

Sitadai kwamba nilihamia meza ya mwisho kwa moyo mweupe. Wiki ya kwanza nililia kila siku katika choo cha ofisi, angalau nimekaa. Kutoka shilingi 1,040 hadi 750, na daftari la duka bado linanisubiri. Msichana alirudi kwenye mashine yangu. Nilikuwa nikimwona mgongo tu, goti lake linasukuma chuma bila yeye kujua, kama langu zamani. Wengine wakaanza kuniita mama wa ofisi kwa sababu ya ufunguo. Walinitania, lakini utani wa kiwandani huwa na sindano ndani, na mwenye sindano hujua alikoipeleka.

Na uchovu. Daktari alikuwa amenieleza mfupa utaunga baada ya muda gani, na mfupa ulitii. Nyama ndiyo iliyokuwa imekwenda. Sisi mafundi tuna futi shingoni muda wote, basi Ijumaa moja nilijifungia chooni nikapima mapaja yote mawili, kiganja juu ya goti. La kulia lilikuwa pungufu kwa sentimita 4. Nikaandika nyuma ya ile barua. Kila Ijumaa nikawa napima. Krismasi ilikuwa 3. Kuna wiki haikusogea kabisa, na wiki hiyo ndiyo niliyokuwa nimeacha mazoezi ya jioni kwa kusema nimechoka. Futi halina huruma wala halina majungu. Nililipenda kuliko watu waliokuwa wakiniambia naonekana vizuri.

Saa nane mchana macho yalikuwa yakifumba yenyewe. Mwanzoni niliona haya, nikijichoma kwa ncha ya sindano kidogo ili niamke. Halafu nikaanza kupanga siku kwa mwili ulivyo: nembo, ambazo zinataka macho, asubuhi; kukunja, ambako mikono hujiendesha, baada ya chakula. Hakuna aliyenifundisha hilo. Siku za mashine nilikuwa napanga kazi kwa saa ya ukutani.

Kola za msichana zilikuwa zikipita mikononi mwangu sasa. Nikagundua kosa lake ni moja na liko mahali pamoja: kona ya kulia, mshono wa mwisho kabla ya kugeuza. Wiki nzima nilizirudisha bila neno, na sitaficha kwamba kulikuwa na utamu fulani. Wiki ya pili nilijikongoja hadi kwenye mashine nikamwonyesha: simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa ndipo uinue, usiinue ikiwa juu. Akajaribu, ikatoka. Akaniambia hakuna aliyemfundisha kola, aliwekwa pale tu siku niliyoanguka. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba Jumatatu niliyorudi alipoteza shilingi 300 kwa siku, na alikuwa ameshaahidi karo ya mdogo wake anayeingia kidato cha kwanza. Nilijua bei ya kila kipande katika kile kiwanda. Hiyo sikuwa nimeihesabu.

Daftari la duka nililifuta wiki ya tatu ya Januari, msimu ulipokwisha.

Februari picha ilionyesha mfupa umeunga, daktari akaandika barua nyingine: mashine kwa saa chache, kuongeza polepole. Hii niliipeleka kwa supavaiza siku hiyohiyo, bado ina harufu ya hospitali. Mguu wa kulia sasa ungeweza kukanyaga, ila goti lilikuwa bado haliwezi kusukuma kando. Fundi wa mashine, mzee mmoja anayezungumza na cherehani kuliko na watu, alichuchumaa chini ya meza akatazama muda mrefu. Akaenda stoo akarudi na pedali ya ovaloki iliyokufa na kipande cha mnyororo mwembamba. Aliufunga mnyororo kwenye kile kikono cha kuinulia, akaupitisha kwenye tundu alilotoboa mezani, chini akauunganisha na pedali, upande wa kushoto. "Kanyaga." Nikakanyaga, mguu wa cherehani ukainuka. Ilimchukua muda wa kunywa chai mara moja. Nilifikiria zile kola 64.

Sasa nashona asubuhi hadi saa saba, kisha nahamia meza ya mwisho na msichana anachukua mashine hadi jioni. Malipo tumeyagawanya kwa vipande, na supavaiza ana madaftari mawili. Msichana pedali yangu haimfai, inamkwaza, kwa hiyo kila mchana huisukuma pembeni kwa kisigino. Asubuhi naikuta imejikunja ukutani, nainama kwa gongo, naivuta hadi kwenye alama ya chaki niliyoichora sakafuni.